Shajara ya mradi: kofia za Bibi yetu wa Mkomani

Mfungo Mosi, baada ya Idi

Mradi huu ulizaliwa na suala la mirathi. Bibi yetu mzaa mama alifariki mwanzoni mwa Rajabu katika nyumba ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, alimoingia akiwa bibi harusi na ambamo hakuhama tena, na kwa kuwa deni la maiti hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote, mjomba mkubwa aliagiza madaftari yake yafunguliwe ili ijulikane nani anamdai na nani anadaiwa naye. Yalikuwa ndani ya kasha la chumba cha ndani, chini ya doti za kanga alizoziweka akiba kwa ajili ya harusi za wajukuu. Aliyaandika kwa Kiswahili chetu cha Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa khati za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni. Suala la deni lilimalizika upesi: duka moja la vitambaa lilikuwa likimdai fedha kidogo, zikalipwa siku ya pili, na wale waliodaiwa naye, ambao ni wengi kuliko tulivyodhani, walisamehewa na warithi wote kwa kauli moja.

Hata hivyo, mjomba alipokuwa akisoma kwa sauti, wajukuu tuliokaa msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, tulianza kuulizana. Bibi alikuwa mchoraji wa nakshi za kofia, na kwa kila kofia aliyoichora alikuwa ameandika kipimo cha kichwa cha mwenyewe, jina la nakshi, mwanamke aliyepewa kuishona, siku ilipotoka na siku iliporudi, na malipo ya kila upande. Kurasa za kwanza ni za wakati ambapo ngome ya Lamu ilikuwa bado gereza, yaani kabla ya 1984, na kazi inaendelea humo mfululizo isipokuwa katika miezi ya uzazi na ya misiba. Hakuna orodha nyingine ya kazi ya maisha yake. Wala kazi yenyewe haimo nyumbani: tulipopekua makasha na zidaka zote hatukukuta kofia aliyoichora ila moja, ya marehemu babu, iliyokuwa imevishwa faruma, yaani kalibu ya kofia, na kufunikwa kitambaa. Nyingine ziko juu ya vichwa vya watu, au zimechakaa zikatupwa, au zimelala katika makasha ya nyumba nyingine kuanzia Shela hadi Mombasa.

Hapo tukakata shauri. Sifa za Bibi tulikwisha kuzisikia katika hitma ya arobaini, nazo alizistahili: kwamba hakuwahi kuiacha sala ya alfajiri impite, kwamba alisomesha watoto saba wakati babu, fundi wa majahazi Matondoni, alikuwa na kazi msimu mmoja na kukaa bure msimu mwingine, na kwamba mlango wake haukufungwa mchana. Ila sifa za namna hiyo huweza kusemwa juu ya bibi wengi wa mji huu, na zikisemwa kila mara kwa maneno yale yale, anayekumbukwa huanza kufanana na wengine wote. Sisi tumeazimia kuzifuata kofia mpaka ziliko, kuzipiga picha, kuziandikia maelezo na kuziacha mikononi mwa wenyewe.

Kazi imegawanywa hivi. Mjomba mkubwa ndiye msomaji wa khati. Binti wa dada yangu, anayesomea ukutubi chuo kikuu, anasimamia orodha na faili. Mama mdogo ameshika funguo za kasha, na bila ridhaa yake hakitoki kitu. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu na nimezoea kuandika ripoti ambazo hazisomwi na mtu, nimekabidhiwa shajara hii.

Mfungo Mosi, mwishoni

Tumemtembelea shoga mkubwa wa Bibi, mama wa mtaa wa Langoni ambaye jina lake limo katika daftari karibu kila mwezi. Tulimpelekea kofia ya babu aitazame. Hakuitazama, macho yake yamepungua nguvu sana. Aliipokea kwa mikono miwili, akaizungusha taratibu kwa vidole mpaka alipofika kwenye mshono wa ukanda, akasimama hapo na kuupapasa mara mbili tatu, kisha akasema, «Hii ni yake, mwanangu.» Nilimuuliza kama yeye ndiye aliyeishona. Akajibu kwamba ndiye. «Mimi nilikuwa na sindano. Kalamu ilikuwa yake.»

Maelezo aliyotupa yamebadilisha mpango mzima, kwa hiyo nayaandika kwa urefu. Kofia ya vito ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda wa pembeni, na kila sehemu ni tabaka za bafta zilizoshikanishwa. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli. Kisha vitundu hutobolewa kimoja kimoja na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi, na nafasi zilizobaki hujazwa mishono midogo inayoifanya nguo isimame. Kushona ndiko kunakochukua miezi, na mshonaji hufanya kazi hiyo katikati ya kupika, kufua na kulea. Kuchora hakuchukui siku nyingi, lakini wachoraji ni wachache, maana anayekosea penseli humharibia mwenzake kazi ya miezi mitatu.

Ugumu wa ukanda ni kwamba mwanzo na mwisho wake hukutana. Mchoraji asiye mzoefu huanza ua la kwanza upande mmoja na kwenda mbele akitumaini, na akifika mwisho hubaki na nusu ua, ambalo hulazimika kulibana au kulificha kwa vitundu vya kujazia. Bibi hakuanza kwa penseli. Aliuzungusha uzi kichwani mwa mwenye kofia, juu kidogo ya masikio, akaufunga fundo palipokutana, kisha akaukunja mara mbili, nne, nane, na mara nyingine kumi na sita ikiwa maua ni madogo. Uzi uliokunjwa aliulaza juu ya nguo na kutia nukta kwa kila pindo. Maua aliyapanga juu ya nukta hizo, hivyo ukubwa wa ua ulitokana na kichwa cha mtu, na nakshi ilifunga kamili kwenye mshono kana kwamba ukanda haukukatwa. Mshono wa namna hiyo ndio aliokuwa akiutafuta shoga yake kwa vidole.

Nilipomuuliza shoga yake ni wapi Bibi alikoyajulia haya, alisema kwamba mamake Bibi hakuwa mchoraji, alikuwa msukaji wa mikeka, na kwamba uzi uliokunjwa ni kipimo cha ukili, ule utepe mrefu wa kusukwa unaoshonwa kuwa mkeka, kilichohamishiwa kwenye bafta. Sina njia ya kulithibitisha hilo. Naliamini hata hivyo, kwa sababu msukaji naye hulazimika kujua mapema ukili wake utarudi wapi.

Tumerudi nyumbani na mabishano. Binti wa dada yangu alikuwa ameandaa orodha yenye safu moja ya mtengenezaji. Mama mdogo akasema kuandika jina la Bibi peke yake ni dhuluma kwa wanawake walioumiza macho yao miezi mitatu kwa kila kofia. Mjomba akaona kwamba bila mchoro kusingekuwa na kofia. Tumemaliza kwa kuweka safu tatu: aliyechora, aliyeshona, aliyeivaa. Kwa maoni yangu safu ya pili ndiyo yenye thamani kubwa zaidi katika mradi huu, kwa sababu Bibi atakumbukwa hata tusipofanya lolote, ilhali wale wengine wameandikwa mahali pamoja tu duniani, katika daftari lake. Majina yao hayatatoka nje ya ukoo mpaka wenyewe au watoto wao waridhie. Safu za madeni hazitanakiliwa kabisa: waliosamehewa wamesamehewa, na haifai mjukuu wa mtu aje kusoma kwamba babu yake alivaa kofia ya Idi kwa mkopo.

Mfungo Pili

Masika yameingia kwa nguvu, na kazi ya nje imesimama. Tumetumia juma hizi kusoma madaftari.

Kwa wasiozoea, ni vyema nieleze kwa nini usomaji unakwenda polepole. Khati za Kiarabu zilipotumiwa kuandikia Kiswahili kwa utaratibu wa zamani, herufi hazikuongezwa kwa kila sauti. Herufi ya be inaweza kusimama mahali pa b, mb au p. Fe husimama mahali pa f na v. Shini hubeba sh na pia ch. Alama za irabu ni tatu, kwa hiyo kasra hubeba i na e, na dhumma hubeba u na o. Msomaji anayeijua lugha na anayeijua habari husoma bila taabu, kwa kuwa maana humwelekeza. Msomaji anayeijua lugha lakini haijui habari, kama mimi, hukwama kwenye majina ya nakshi, ambayo hayana sentensi ya kuyaegemea. Majina kadhaa tumeyasoma kwa namna mbili na kuyaacha hivyo hivyo mpaka tumpate anayeyajua kwa kuyasikia.

Binti wa dada yangu alitaka tunakili moja kwa moja kwa herufi za Kirumi na kwa Kiswahili sanifu, ili wajukuu wa Nairobi na wa Dubai wasome kwa urahisi. Nilimpinga kwa kiasi. Tumekubaliana kuwa kila ukurasa upigwe picha kwanza, kisha unakiliwe kwa Kirumi lakini kwa Kiamu kama alivyosema mwenyewe, «tini» (chini) ibaki tini na «kitwa» (kichwa) ibaki kitwa, na maelezo ya sanifu yawekwe pembeni pale tu panapohitajika. Mfano wa kuigwa tunao hapa hapa mjini: hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kidijitali kupitia mpango wa British Library wa kuhifadhi hati zilizo hatarini, na hati zenyewe hazikuondoka Lamu. Daftari la kofia halina hadhi ya hati za wanazuoni, lakini karatasi ni karatasi, na unyevu wa masika hauchagui.

Kati ya hesabu tumekuta tungo. Nyingine ni dua fupi zinazojulikana na kila mtu. Nyingine ni zake mwenyewe, beti alizotunga kwa ajili ya vugo, ngoma ya wanawake, katika harusi za jirani, zikiwa na utani mkali kwa upande wa bwana harusi ambao mjomba alikataa kuusoma kwa sauti mbele yetu na akamkabidhi mama mdogo. Mama mdogo alisoma, akacheka mpaka akalia, na kutuambia kwamba watu watatu waliotajwa humo wangali hai. Beti hizo zitangoja. Aidha, kuna beti nne zisizo na utani wowote, ambamo anamwelekeza binti namna ya kupima kichwa na kukunja uzi, hatua kwa hatua, kwa mizani ya utenzi. Hizo zimenakiliwa na kukaguliwa na watu wawili.

Mfungo Tatu

Idi ya kuchinja imewaleta nyumbani watu wa Mombasa, Malindi na ng'ambo, hivyo tumeyashughulikia mambo yaliyohitaji kauli ya wote. Makubwa yalikuwa picha na sauti.

Tuna picha za Bibi chache, nyingi zikiwa za studio, za rangi nyeusi na nyeupe, na katika mojawapo yuko na kanga ya kisutu, kichwa wazi, pengine akiwa na umri wa miaka ishirini. Alikuwa mzuri. Wajukuu wa kike walitaka picha hiyo iwe ya kwanza katika kumbukumbu. Wajomba walikataa, wakisema kwamba mwanamke aliyejisitiri kwa buibui maisha yake yote hana wa kumtetea sasa ikiwa watoto wake wenyewe watamfunua. Mjadala ulikuwa mrefu na sauti zilipanda kidogo. Mimi nilianza nikiwa upande wa wajukuu, na nimehamia upande wa wajomba kwa sababu moja: tumejiwekea sharti la kuomba ridhaa kwa kila mshonaji, na Bibi mwenyewe hatuwezi tena kumwomba. Picha zote zimepitishwa kwenye skana kwa nukta 600 kwa inchi na kuwekwa kwenye faili za ndani ya ukoo. Zitakazoonekana na wengine ni za kofia, za mikeka, za kurasa, na moja ya mikono yake akiwa anakunja uzi, ambayo ilipigwa na mjukuu mmoja kwa simu mwaka wa mwisho wa uhai wake na ambayo haikupingwa na mtu.

Sauti ilitupa taabu ya namna nyingine. Zilipatikana kaseti mbili ambamo Bibi anawasomea mabinti zake Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Nyumba nyingi za Lamu zilikuwa na mama aliyeujua kwa moyo. Jambo la pekee katika kaseti hizi ni kwamba Bibi haendi moja kwa moja. Husoma beti kadhaa, akasimama, akawaambia binti zake kwamba hapa anakubaliana na hapa anaona mambo yamebadilika, na mmoja wao humjibu. Nyuma yao husikika punda na muadhini. Nimesikia watu wakisema kwamba mama zetu walipokea tu walichorithi bila kuuliza. Mimi nawaomba wasikilize upande wa pili wa kaseti ya kwanza, wale watakaoruhusiwa.

Kuhusu utaratibu: kaseti zilikuwa na ukungu mweupe pembeni mwa utepe. Hatukuzicheza zikiwa hivyo, kwa kuwa ukungu huchafua kichwa cha kusomea na kuhamia kwenye kaseti nyingine. Zilikaushwa mahali penye hewa, zikapanguswa, zikapelekwa mbele na kurudishwa nyuma taratibu mara moja kabla ya kusikilizwa. Sauti ilitoka nzito na ya kuvuta kwa sababu mkanda wa mpira wa redio ulilegea. Utepe wa kaseti hutakiwa kupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, na ukipita polepole zaidi hata binti husikika kama mzee. Fundi wa redio alibadilisha mkanda huo, nasi tukarekodi kwa mfumo wa WAV, biti 24, sampuli 48,000 kwa sekunde. Kuna nakala tatu: moja katika kompyuta ya hapa, moja katika diski iliyo kwa mama mdogo, na moja imechukuliwa Mombasa, ili moto au maji ya mahali pamoja visimalize zote. Kauli ya mwisho ya ukoo ni kwamba sauti itasikilizwa na wanawake wa ukoo na maharimu zake tu.

Mfungo Nne

Mwezi wa friza. Kofia ya babu na nyingine chache tulizoazimwa zimeonekana kuliwa pembeni. Chanzo ni kanji, ambayo huifanya kofia isimame vizuri lakini ni chakula cha mende na cha wale wadudu wembamba wa karatasi. Tumefuata njia inayotumiwa na wahifadhi wa nguo: kila kofia inafungwa katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, inakaa majuma mawili kwenye friza ya nyuzi 18 au zaidi chini ya sifuri, na ikitolewa haifunguliwi mpaka siku ya pili, ili unyevu ugande nje ya mfuko badala ya kugandia nguo. Friza iliyopatikana ni ya samaki. Mama mdogo aliuliza kama tunahifadhi kofia au tunaandaa kofia za kupaka. Samaki wenyewe, changu, wamehamishiwa kwa jirani. Umeme ulikatika kwa muda mrefu katikati ya juma la pili, kwa hiyo hesabu imeanzwa upya.

Wenye kofia wamepewa shauri moja tu: kofia isiyovaliwa iwekwe bila kanji, ikiwa imejazwa kitambaa cha amerikani kilichofuliwa, na itiwe kanji ikitaka kuvaliwa. Hatukumshauri mtu aache kuivaa yake. Mzee mmoja alituuliza kama sasa imekuwa kitu cha makumbusho, tukamwambia aende nayo sala ya Ijumaa kama kawaida.

Mfungo Tano

Nimejaribu mwezi huu kuandika juu ya yale ambayo hayakuingizwa katika daftari, na nimegundua kwamba ndiyo yaliyomchukulia Bibi muda mwingi zaidi wa siku. Kofia zilimletea fedha, zikaandikwa. Mikeka aliisuka kwa ajili ya nyumba, haikuandikwa. Vikuba vya asumini, rehani na mkadi alivifunga kila Alhamisi jioni na kuwagawia mabinti na wake za wajomba, na asubuhi ya Jumamosi vilikuwa vimekwisha kunyauka. Chakula kililiwa.

Kuhusu mikeka tumefika mahali fulani. Msala mmoja umepatikana, wa ukindu uliotiwa rangi nyekundu na nyeusi, na kwa msaada wa msukaji wa Kipungani tumeuhesabu: ukili mmoja mrefu, uliozungushwa na kushonwa pembeni kwa pembeni, chane zake zikiwa nyembamba kiasi kwamba msukaji alizikwaruza kwa ukucha kabla ya kusadiki kuwa zimepasuliwa kwa mkono. Rangi za ukili zimepangwa hivi kwamba kila unaporudi, mstari mwekundu unaangukia mstari mwekundu. Ni jambo lile lile la nakshi inayofunga. Sasa naelekea kukubali kabisa maneno ya shoga yake kuhusu uzi na ukili, na nimeongeza katika orodha sehemu ya mikeka, ingawa ina mstari mmoja.

Kuhusu chakula hatukufika. Tuliwakusanya mama wadogo na mama yangu jikoni ili wapike mkate wa sinia kama wa Bibi, mimi nikiandika na binti wa dada yangu akipima kwa mizani. Mama yangu alisema mchele uliorowekwa usagwe na tui zito la kwanza. Mama mdogo akasema la pili, na kwamba la kwanza hutiwa mwishoni. Mwingine akasema Bibi alitia hamira jioni na kuuacha unga uumuke usiku kucha, wenzake wakamcheka. Kila mmoja alipika wake, yote mitatu ilikuwa mitamu, na kila mmoja alionja wa mwenzake na kusema kwa upole kwamba haukuwa wenyewe. Nimeandika njia zote tatu bila kuchagua. Inawezekana kwamba Bibi alipika kwa njia tofauti katika miaka tofauti, na kila binti alishika ile ya miaka aliyokuwa akimsaidia kabla ya kuolewa.

Mfungo Sita

Mji umejaa kwa Maulidi. Hakuna mwezi mwingine ambapo kofia nyingi za mkono huonekana Lamu kwa pamoja, kwa sababu watu huzitoa makashani kwa ajili ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, na wanaotoka mbali huja na bora walizonazo. Siwezi mimi, mwanamke, kusimama karibu na zefe, yale maandamano ya Maulidi, nikikagua vichwa vya wanaume. Tuliwatuma vijana watatu wa nyumbani, baada ya kuwafundisha kitu kimoja: wasitazame uzuri, watazame mshono wa nyuma, na wakiona nakshi imefunga kamili bila nusu ua, wamwamkie mwenye kofia na kumuuliza kwa adabu ameipata wapi.

Walirudi na kofia ambazo daftari linazitambua na kofia ambazo hatukuwa na habari nazo. Mbili zilikuwa na wanaume wa kisiwa cha Pate waliozirithi kwa baba zao. Moja ilikuwa ya mashine, iliyoagizwa kutoka nje, na nakshi yake imefunga vizuri kuliko zote. Vijana waliileta picha yake wakiwa wameduwaa. Mashine haina taabu ya kufunga, kwa sababu hupima kofia zote kwa namba chache na ua halibadiliki. Ukiigeuza ndani utaona tofauti mara moja, kwani upande wa nyuma una nyuzi za kuvuka kutoka ua hadi ua, wakati kofia ya mkono iliyoshonwa vyema nyuma yake inakaribia kufanana na mbele. Tumewaongezea vijana sharti la pili.

Jambo moja linanisumbua na ninaliandika ili lijadiliwe. Mji wa kale wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na mtu akitaka kubadilisha ukuta wa nyumba ya Mkomani ana taratibu za kufuata. Urithi huo umeandikwa kwa ajili ya mji na majengo yake. Uzi uliokunjwa mara nane hauna ofisi, na kwa hesabu yetu wanawake wanaochora kwa njia hiyo, miongoni mwa wale tuliozungumza nao, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kofia ya mkono huuzwa kwa maelfu ya shilingi, lakini ukigawanya fedha hizo kwa miezi ya kushona, binti anayeuza maandazi humpita mshonaji. Simlaumu msichana asiyetaka kujifunza. Kwa hiyo nimependekeza, na mama mdogo ameunga mkono, kwamba sehemu ya fedha zilizochangwa kwa ajili ya mradi itumike kuwalipa mabinti wanne wa ukoo na wa jirani wakati wa kujifunza, kwa kiwango ambacho wangepata kwingine, na kwamba mwalimu wao awe shoga yake Bibi, alipwe naye. Mjomba mmoja anaona kwamba fedha za kumbukumbu zitumike kuchapisha kitabu. Kura haijapigwa.

Binti wa dada yangu hakungoja kura. Amejipima kichwa kwa uzi, amekunja mara nane, na ukanda wake wa kwanza umebaki na robo ua. Mwalimu ameupapasa na kumwambia akaze uzi anapoukunja, kwa kuwa pindo lililolegea kwa upana wa punje ya mchele huzidishwa mara nane.

Mwezi ujao, kusi likipungua, tunaelekea Pate. Mashua hupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa na kushushia bandari ya Mtangawanda, kwa hiyo saa ya kuondoka itaamuliwa na bamvua. Tunachokwenda kukitafuta ni zile kofia mbili za kurithi, na mama mmoja wa Siu ambaye daftari linamtaja kama mshonaji kwa miaka mingi kisha linanyamaza. Mjomba mkubwa atafuatana nasi. Amesema anakuja kusoma khati, lakini wote tunajua kwamba wazee wale hawatazivua kofia zao mbele yangu.